Usitie sahihi kabla ya kupima: ginsi ya kupokea pampu ya jua



Kwenye masomo yetu ya agronomie hatukufundishwa umeme. Tulijifunza udongo, mbegu, mbolea na magonjwa ya mihogo. Lakini leo karibu kila koperative yenye tunatembelea mu bonde la Ruzizi iko na pano za jua ao iko inazitafuta, na swali la kwanza tunaloulizwa si la mbegu tena. Wanatuuliza: «Pampu yetu ni mpya, sababu gani maji yanakuja saa sita ya mchana tu?» Basi siye pia tulilazimika kujifunza, na tulijifunza kwa hasara ya watu wengine. Tuanze na hiyo hasara.

Koperative moja ya bonde ilipewa pampu ya jua kwa kumwagilia mashamba ya kiangazi. Pano zilikuwa 20, kila moja wati 330, zimefungwa mu minyororo miwili ya pano 10. Pampu ilikuwa ya kilowati 4, inavuta maji kwenye shimo karibu na mto na kuyapandisha mpaka tanki juu ya kilima. Siku ya sherehe wakubwa walikuja saa sita ya mchana, jua likiwa kichwani. Fundi alifungua kisanduku, akaweka multimetri, akaonyesha watu namba: volti 410. Alizungusha swichi, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Na siye tulikuwa pale, tulipiga makofi. Prezida wa koperative akatia sahihi kwenye karatasi ya kupokea kazi, ile tunaita PV, yenye iliandikwa «kila kitu kiko sawa». Siku ile ile feza ya mwisho ya kampuni ikatoka.

Ilikuwa mwezi wa tano. Mwezi wa saba wamama wa kikundi cha vitunguu wakaanza kulalamika. Kabla ya saa nne ya asubuhi hakuna maji. Kisha saa nane ya mchana, hakuna. Tanki halikujaa hata siku moja. Vitunguu vya mashamba ya juu vilikauka vikiwa bado vidogo kama kidole, na wale wamama walikuwa wamekopa feza ya mbegu. Koperative ikapigia kampuni simu. Jibu likawa: «Mulitia sahihi kwamba kila kitu kiko sawa. Labda munatumia vibaya.»

Tulipofika na fundi mwingine, alichukua chombo kinachoshika waya kama koleo na kupima ampere bila kukata kitu. Mnyororo wa kwanza: ampere 7. Mnyororo wa pili: sifuri. Pano 10 kati ya 20 zilikuwa zinaota jua tu, tangu siku ya sherehe. Sababu ilikuwa fishi moja yenye haikubanwa vizuri kwenye waya. Kuipima ni kazi ya minuti kumi na tano. Fishi mbili mpya bei yake haifikie kuku mmoja.

Sasa mtauliza: na zile volti 410 zenye fundi alituonyesha? Zilikuwa za kweli, na hapa ndipo pa kuelewa vizuri, sababu ndipo watu wengi wanadanganywa, tena mara nyingi na fundi mwenye hana nia mbaya.

Volti ni kama kimo cha tanki la maji. Tanki likiwa juu, msukumo uko, hata kama bomba ni jembamba kama sindano. Ampere ni wingi wa maji yanayopita mu bomba. Ukiziba bomba na kidole, msukumo unausikia kwa nguvu, lakini hakuna maji yanayofika shambani. Fishi iliyobanwa vibaya ni kile kidole: multimetri inaonyesha volti zote, lakini pampu ikiomba nguvu, hakuna kinachopita. Tena volti za pano zinapanda haraka sana asubuhi, hata jua likiwa bado dogo. Ampere zenyewe zinafuata jua: jua nusu, ampere nusu. Kwa hiyo namba ya volti peke yake haitoshe.

Kosa la pili la siku ile: fundi alipima minyororo yote miwili ikiwa imeunganishwa pamoja. Ikiunganishwa, mmoja unaonyesha volti kwa niaba ya mwingine. Ni kama kupima uzito wa magunia mawili kwenye mizani ukiwa hujui kama la pili liko juu ya mizani ao liko chini. Kila mnyororo unapimwa peke yake, ukiwa umetengwa na mwenzake.

Na kwa nini nusu ya pano haikutoa hata nusu ya maji? Juu ya kilima. Pampu ya kuzunguka inahitaji mwendo fulani ili msukumo wake ufike kwenye tanki. Ukiipa nusu ya nguvu, mwendo unashuka mpaka karibu asilimia 79, na msukumo unashuka mpaka karibu asilimia 63. Kama tanki liko juu zaidi ya pale msukumo huo unafika, pampu itazunguka, utaisikia inanguruma, lakini hakuna tone litakalotoka. Saa sita jua kali liliweza kusukuma na mnyororo mmoja. Saa tatu ya asubuhi halikuweza. Ndiyo maana kujaribu pampu siku ya sherehe, mchana kati, hakuonyeshe kitu kikubwa.

Kuko kanuni ya kimataifa kuhusu kupima na kupokea pano za jua, namba yake ni IEC 62446-1. Ilitengenezwa kwa mitambo inayounganishwa na umeme wa mji, lakini vipimo vyake vinafaa pia kwa pampu yetu ya kijijini. Andikeni namba hiyo kwenye mkataba, mbele ya kulipa feza ya kwanza: «vipimo vya kupokea kazi vitafuata IEC 62446-1, na matokeo yataandikwa kwenye karatasi». Fundi mwenye anaijua hatashangaa. Mwenye haijui ataanza kusema kwamba mambo hayo ni ya Wazungu. Hapo mumeisha kumjua.

Kabla ya kueleza vipimo, neno moja la hatari. Pano 10 mu mnyororo mmoja zinatoa volti zaidi ya 400. Hizo zinaua. Tena jua halina swichi: toka asubuhi mpaka jioni waya ule ni wa moto, hata kama pampu imezimwa. Umeme huu si kama ule wa jenereta. Ukitenganisha fishi wakati pampu inafanya kazi, kunatoka cheche ndefu yenye haizimike kwa upesi, inachoma fishi, inachoma mkono, inaweza kuchoma na nyumba ya pampu. Kwanza unazima pampu kwenye kisanduku chake, kisha swichi kubwa ya kukatia, na ni fundi peke yake anayegusa fishi. Memba wa koperative kazi yake kwenye vipimo ni kusimama karibu, kuuliza, na kuandika kwenye kaye. Multimetri ndogo za soko zenye bei ya sabuni zisitumiwe hapa kamwe. Tuliisha kuona moja imepasuka mkononi.

Kazi ya kwanza haihitaji chombo chochote. Pano zikifika, kabla hazijapandishwa, geuzeni kila moja musome karatasi iliyobandikwa nyuma. Kuko namba tatu za kuandika: wati, volti bila mzigo (inaandikwa Voc) na ampere za juu kabisa (inaandikwa Isc). Kisha pimeni ukubwa wa pano kwa mita ya fundi cherehani kama hakuna ingine. Pano nzuri za siku hizi, jua likiwa kali, zinatoa karibu wati 170 mpaka 220 kwa kila mita mraba. Pano ya wati 330 inakuwa na urefu wa karibu mita 2 na upana wa mita 1. Mutu akiwaletea pano ya mita 1 na sentimita 20 kwa sentimita 80 yenye imeandikwa wati 330, karatasi inasema uongo. Hizo karatasi zinabandikwa na mutu yeyote.

Kisha pano zikiisha kufungwa, vipimo vinaanza, na mpangilio wake una maana.

Wa kwanza ni waya wa ardhi. Milima yetu ya mashariki ya Congo ni kati ya mahali pa ulimwengu ambapo radi inapiga mara nyingi kupita kwingine. Hilo wakulima hamuhitaji kuambiwa. Kila fremu ya pano, nguzo za chuma na kisanduku cha pampu vinapaswa kuunganishwa na waya mpaka kwenye chuma kilichopigwa ndani ya udongo. Fundi anapima kama waya ule unapita bila kukatika toka pano ya mwisho mpaka ardhini, na anapima pia ginsi chuma kinavyoshikana na udongo. Wengi wanataka isizidi omu 10. Udongo wa mchanga mkavu unashikana vibaya, kwa hiyo pigeni chuma mahali penye unyevu, na kama namba inabaki kubwa, ongezeni chuma cha pili. Bila hiyo, radi ya kwanza ya mwezi wa kumi itakula kisanduku chenye kinaongoza pampu, na kisanduku ni chombo cha bei kali.

Wa pili ni kuhakikisha chanya na hasi hazikubadilishana, na wa tatu ni volti za kila mnyororo. Hapa memba mwenye anajua kuzidisha anaweza kumfuata fundi vizuri kabisa. Tuseme nyuma ya pano imeandikwa Voc 46. Pano 10 ni volti 460. Lakini namba hiyo ilipimwa mu nyumba ya majaribio, pano ikiwa na joto la digri 25. Kwenye bonde, mchana, pano yenyewe inafika digri 60, gusa utaona. Kwa kila digri 10 juu ya 25, pano inapoteza karibu volti 3 kwa kila 100. Toka 25 mpaka 60 ni digri 35, basi inapotea kidogo zaidi ya 10 kwa 100. Tunangojea volti karibu 412. Fundi akipata 405 ao 418, hakuna shida. Akipata 371, hesabuni: ni pano 9, moja haiko ndani, fundi aliiruka juu fishi yake ilivunjika na hakutaka kurudi mjini. Akipata 329, ni kama pano 8, na mara nyingi maana yake si kwamba mbili zimekosa. Moja iligeuzwa, inavuta nyuma wakati zingine zinavuta mbele. Na minyororo miwili yenye pano sawasawa isipitane zaidi ya volti 5 kwa kila 100.

Wa nne ni ampere, kile kipimo chenye siku yetu ya makofi hakikufanywa. Pampu ifanye kazi, fundi ashike waya wa kila mnyororo na koleo lake la kupima, moja kisha ingine, upesi, kabla wingu halijapita. Namba zinapaswa kuwa karibu sawa. Muangalie koleo lenyewe: mengi ya bei ya chini yanapima umeme wa jenereta tu, na kwenye waya wa pano yataonyesha sifuri hata kama kila kitu kiko kizuri. Chombo kiwe na alama ya mstari na vinukta chini yake. Tuliisha kuona kampuni na koperative wakigombana siku nzima juu ya sifuri ya chombo kibaya.

Wa tano ni kuona kama waya hauvuje umeme ndani ya udongo ao maji. Kuko chombo maalumu chenye kinasukuma volti 500 kwenye waya na kuangalia kama kuna zinazotoroka. Kwa mtambo kama huu wa volti 400 na kitu, matokeo yasiwe chini ya megaomu 1. Kwa pampu ya kuzamisha tunaomba kipimo hiki kifanyike mara mbili: pampu ikiwa bado juu, kisha ikiisha kuteremshwa ndani ya maji. Kati ya hizo mara mbili, waya umesuguana na mawe na kiungo cha waya kimeingia maji kwa mara ya kwanza. Kama namba ya pili imeanguka, ipandisheni siku ile ile, fundi akiwa bado yuko na vyombo vyake. Miezi sita baadaye, kuipandisha ni kazi ya wanaume sita na ya kumtafuta fundi mwenye simu yake haipatikane.

Hayo yote ni nusu siku ya kazi. Fundi akisema ni wiki, ama hajui, ama anataka feza ya wiki.

Kisha kinakuja kipimo chetu siye wakulima, chenye hakuna mu kanuni ya umeme: maji. Wekeni pipa la litre 200 chini ya bomba la tanki, kule juu, si pale chini karibu na pampu. Hesabuni sekunde. Pipa likijaa kwa sekunde 25, ni litre 8 kwa sekunde, karibu metre kibu 29 kwa saa. Linganisheni na namba yenye kampuni iliahidi mu mkataba. Fanyeni hivyo saa tatu ya asubuhi, saa sita, na saa tisa, siku moja yenye jua, na muandike saa yenye tone la kwanza linatoka asubuhi. Hiyo saa ya tone la kwanza tunaipenda kuliko namba zote, sababu kila memba anaweza kuiona bila chombo. Kama leo maji yanaanza saa mbili, na mwaka kesho wakati kama huu yanaanza saa nne, kuna kitu kimeharibika: vumbi, fishi, ao tawi la mwembe limekua na kutupa kivuli. Kivuli cha tawi moja juu ya pano moja kinaweza kuumiza mnyororo mzima. Mwembe wa jirani mzungumzieni kabla ya kusimika nguzo, si baadaye.

Tukiwa kwenye nguzo: siye tuko chini kidogo ya ikweta, na jua la kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, linapita upande wa kaskazini. Pampu ya kumwagilia inahitaji nguvu wakati ule ule. Kwa hiyo pano za pampu zielekee kaskazini, zimeinama kidogo, digri 10 mpaka 15, ili mvua izioshe. Tuliona pano zimeelekezwa kusini juu fundi alisoma kitabu cha Ulaya... hapana, huko Ulaya wanazielekeza kusini kwa sababu yao, na kwao ni sawa. Hapa si sawa.

Kuhusu feza, maoni yetu ni haya, na makampuni mengine hayatayapenda. Mkataba useme kwamba sehemu ya kumi ya bei itabaki mkononi mwa koperative mpaka vipimo vyote viandikwe kwenye PV na maji yapimwe tena mwezi mmoja baadaye. PV yenye inasema «kila kitu kiko sawa» musiitie sahihi. PV inaandikwa namba: volti za mnyororo wa kwanza, volti za mnyororo wa pili, ampere za kila mmoja, megaomu, omu za ardhi, sekunde za pipa, saa na hali ya jua. Nakala mbili, moja inabaki kwa sekretere, ndani ya plastiki, si ndani ya simu ya prezida. Na sherehe ifanyike kisha, siku ingine. Wakubwa wakitaka kuja mapema, wapewe fanta na waangalie vipimo.

Wale wamama wa vitunguu, mwaka uliofuata, walipanda tena. Mnyororo wa pili ulikuwa umefungwa vizuri, na maji yalianza kufika kwenye tanki kabla ya saa mbili na nusu. Lakini deni la mbegu za mwaka wa kwanza walilipa wenyewe. Kampuni haikurudisha kitu, juu ya ile sahihi. Mmoja wao sasa njo anashika kaye ya pampu. Kila asubuhi anaandika saa ya tone la kwanza, na tulipopita mara ya mwisho alituonyesha kurasa mbili zenye saa imechelewa kwa minuti arobaini. Alikuwa ameisha kumtuma mtoto wake apande na kitambaa na maji kuosha pano, asubuhi na mapema, kabla hazijapata moto. Siku ya pili yake saa ilirudi pale pale.

Koperative zenye zinangojea kupokea pampu mbele ya kiangazi kijacho, tuambieni siku yenye fundi atakuja kupima. Tutakuja na koleo letu.